Kabla ya Wikiendi za Kisarawe: Stori ya Watu wa Pwani na Maji Waliyoyafuata Mbali

Kila sikukuu ikiangukia Ijumaa, swali ni lilelile kwenye simu za watu wa Dar: wapi kuna maporomoko ya maji karibu, pa kwenda asubuhi na kurudi jioni? Na hakosekani mtu wa kujibu "Kisarawe" au "Kibaha", halafu anatupia picha ya mdada kasimama chini ya maji yanayoanguka kutoka juu ya mwamba. Picha kali kweli. Ila tusidanganyane. Vilima vya Kisarawe ni vya wastani, ardhi yake kwa sehemu kubwa ni mchanga na udongo, na vijito vyake vingi hujaa mvua ikinyesha na kunywea kiangazi kikikolea. Ukiona maji yanaruka mita arobaini, mwulize aliyeweka picha alishukia stendi gani.

Kisarawe kuna msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, kuna bwawa la Minaki, na kuna vilima ambako mto Msimbazi unaanzia. Kibaha kuna mto Ruvu. Halafu kuna historia ya watu na maji ambayo vijana wengi wanaokwenda huko kula bata hawajawahi kusimuliwa.

Tuanzie kwenye dimbwi lenye jina kubwa kuliko yote Pwani. Lenyewe liko kusini zaidi, Ngarambe, upande wa Rufiji, lakini habari zake zilifika mpaka Kisarawe. Kwa masimulizi ya wazee yaliyokusanywa miaka ya 1960 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1904 mtu mmoja alipandwa na roho, akajiburuza kwa tumbo huku mikono kainyoosha mbele, akaingia kwenye dimbwi la mto na kuzama. Ndugu zake walipiga mbizi kumtafuta, wapi. Kesho yake akaibuka, nguo zake kavu kabisa. Mtu huyo ni Kinjekitile, na kilichofuata kila aliyesoma historia shuleni anakijua: watu walianza kumiminika Ngarambe kufuata dawa ya maji, familia kwa familia, wengine wakitembea siku nyingi. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ya Majimaji ikiwa ndiyo kwanza inawaka.

Sasa rudi Kisarawe. Hapa ni Uzaramo, na Wazaramo walikuwa na safari yao ya maji tangu kitambo, kabla hata Mjerumani hajajua Pugu iko wapi. Mvua ikigoma, wazee walikuwa wanaondoka kwa miguu kuelekea milima ya Uluguru, kwenye pango la mzimu aliyeitwa Kolelo. Kolelo alisemwa kuwa na umbo la nyoka. Alikuwa na watunzaji wake huko mlimani, na huendi tu ukaingia pangoni kama unaingia dukani. Unafika, unajieleza, unasubiri. Waluguru walimheshimu, Wakutu walimheshimu, na Wazaramo wa huku tambarare vilevile, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika mvua na rutuba ya shamba. Ina mantiki yake, bana. Wazaramo wenyewe husimulia kwamba Pazi, mwindaji aliyewaongoza na kuwashinda Wakamba, alitokea upande huohuo wa bara, Kutu na Uluguru. Na milima ya Uluguru ndiyo inayouzaa mto Ruvu. Mzaramo aliyepanda kwenda kwa Kolelo alikuwa anarudi walikotoka babu zake na walikotoka maji yake, kwa safari moja.

Hizo ndizo safari za maporomoko za zama zile. Hakuna aliyebeba spika.

Mwaka 1905 jina la Kolelo lilibeba mambo mazito zaidi. Mmisionari mmoja wa Kijerumani aliyeishi na Wazaramo aliandika miaka michache baadaye habari zilizokuwa zinazunguka vijijini: Kolelo kakataza kuwalipa wageni kodi, gharika inakuja kuwafagia, na bunduki za askari zitatoa maji badala ya risasi. Ukisikia hivyo mwaka huu unaweza kucheka. Lakini aliyekuwa analazimishwa kulima pamba ya serikali kwa ujira wa kuchekesha, halafu anadaiwa kodi, hakucheka. Kibasila, jumbe wa Kisangire, ambayo ni Kisarawe ya leo, alinyongwa na Wajerumani kwa vita ile. Wengi wanaolijua jina lake Dar wanalijua kama shule ya sekondari ya Temeke, na hapo stori inaishia.

Wageni nao walivipenda vilima hivi. Wamisionari Wabenediktini walijenga Pugu mwaka 1888, na tarehe 13 Januari 1889 wapiganaji wa vita ya Abushiri waliivamia misheni hiyo na kuichoma, watatu wakauawa. Walutheri wa Berlin walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895. Waanglikana wakahamishia chuo chao cha Mtakatifu Andrea kutoka Zanzibar hadi Minaki mwaka 1925. Baadaye kukawa na shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, ambako mwalimu mmoja kutoka Butiama alifundisha kuanzia 1952 mpaka alipoambiwa achague siasa au chaki. Mwaka 1955 akachagua siasa. Ukiwa na basi la wanafunzi au kundi la marafiki, hiyo pekee inatosha kujaza siku nzima pale, bila kuloweka hata kidole.

Katikati ya yote hayo ikapita reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar mwaka 1905, mwaka uleule wa Majimaji, na mwisho wa 1907 ilikuwa imefika Morogoro. Ilipita Pugu, Soga na Ruvu. Safari ambayo mzee wa Kizaramo aliikata kwa siku kadhaa za miguu kuelekea Uluguru sasa ilikuwa ya siku moja, kwa mwenye nauli.

Halafu ikaja zamu ya mabomba, na hapa ndipo stori inapokuwa chungu kidogo.

Dar ilikuwa inakua na visima havikutosha. Mtambo wa Mtoni, unaochota mto Kizinga, ulijengwa mwaka 1949. Mwaka 1959 ukaja mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi, Kibaha, na mwaka 1976 wa Ruvu Chini upande wa Bagamoyo. Kuanzia hapo Dar ni mtoto wa Ruvu, atake asitake. Ruvu Juu peke yake iliongezewa uwezo muongo uliopita kutoka lita milioni 82 kwa siku hadi milioni 196. Yaani mtu wa Kimara akifungua koki asubuhi, anaoga maji yaliyopita Kibaha. Oktoba 2022, mvua zilipochelewa na mto ukakonda, mji mzima ukaingia kwenye mgawo. Ndoo zilipanga foleni mpaka kwenye mitaa iliyojiona ya kishua. Bwawa la Kidunda, linalojengwa juu zaidi kwenye mto huohuo mkoani Morogoro ili kutunza maji ya masika, ni wazo la tangu enzi za mkoloni. Watu wamezeeka wakilisikia redioni.

Na Kisarawe je? Wilaya yenye vilima vinavyouzaa Msimbazi, wilaya inayopakana na Ruvu, mji wake mkuu ukiwa mwendo wa daladala kutoka Gongo la Mboto, ulikaa karibu miaka sitini ya uhuru bila maji ya bomba ya uhakika. Ndoo ilinunuliwa. Wanawake walikuwa wanadamka alfajiri kwenda visimani. Juni 2020 ndipo Rais alipozindua mradi wa Kibamba hadi Kisarawe, wa zaidi ya shilingi bilioni 10. Maji yale yanatoka Ruvu Juu, yanasukumwa mpaka kwenye tenki la Kibamba, kisha yanapandishwa kilimani Kisarawe. Kabla ya hapo, mgeni wa wikiendi aliyefika na katoni ya maji ya chupa kwenye buti alikuwa na maji mengi kuliko mama aliyemuuzia mahindi ya kuchoma barabarani.

Msimbazi una kisa chake. Unatoka kwenye vilima vya Pugu, unateremka kama kilomita 35, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, unaingia baharini karibu na daraja la Salender. Kule juu, msitu ukiwa mzima, mvua inadondoka kwenye majani, inanyonywa na udongo, inatoka polepole kwenye chemchemi. Msitu ukikatwa, mvua ileile inakimbia na tope lake moja kwa moja mjini. Msitu wenyewe haubebi lawama zote, tuseme ukweli. Watu wamejenga mpaka mtoni, taka zinatupwa mtoni, mchanga unachimbwa mtoni. Lakini Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 40 Dar na familia za Jangwani zikahamishiwa Mabwepande, na kila mara kituo cha mwendokasi cha Jangwani kinapozama, sehemu ya stori ilikuwa imeanzia huko juu kwenye vilima ambako watu wanakwenda kupiga selfi.

Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi iliwekwa kuwa hifadhi ya serikali miaka ya 1950. Karatasi ilikuwa safi. Adui yake alikuwa gunia. Dar inapika kwa mkaa, na msitu ulio karibu kuliko yote na mji wenye mamilioni ya watu haukuwa na pa kukimbilia. Kazimzumbwi iliumia hasa: tanuri la mkaa hapa, shamba pale, baiskeli zimebebeshwa magunia matatu zikiteremka kuelekea Gongo la Mboto usiku. Mchoma mkaa hakuwa jambazi wa kwenye filamu. Mara nyingi alikuwa kijana wa kijijini mwenye watoto, na mteja wake alikuwa mjini akisubiri ubwabwa. Ndani ya msitu huo anaishi komba mdogo sana, komba wa Rondo, anayepatikana Tanzania tu na kwenye misitu michache ya Pwani. Ukubwa wake unaenea kiganjani. Yupo na sange, yule mnyama mwenye pua ndefu kama ametolewa kwenye katuni. Wakikosa msitu wa Pugu hawana kwa kuhamia.

Leo msitu huo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Una njia za kutembea, sehemu za kupiga hema, bwawa la Minaki, na yale mahandaki ya machimbo ya udongo mweupe wa kaolini ambayo popo wameyageuza mtaa wao. Utalii wa hapa haujaanza juzi. Muda mrefu kabla ya Insta palikuwa na vibanda vya miti ukingoni mwa msitu, na bwawa lake la kuogelea, vikipendekezwa kwenye vitabu vya wasafiri kwa Wazungu waliotaka kupumzika na joto la Dar. Wabongo wengi hawakujua hata njia ya kufika. Mambo yalibadilika zaidi mwaka 2018 wilaya ilipopata mkuu wa wilaya kijana, mshindi wa pili wa Miss Tanzania 2006, ambaye aliamua kuitangaza Kisarawe na msitu wake kama mtu anayezindua wimbo mpya. Wengine walimcheka. Lakini watu wakaanza kupanda vilima, wakakuta msitu kumbe upo kweli, dakika chache tu baada ya uwanja wa ndege.

Tangu hapo malazi yameongezeka huko Kisarawe na Kibaha, na karibu kila moja linajiita rafiki wa mazingira. Paa la makuti, ukuta wa mianzi, taa za sola, jina lenye neno la Kizungu la kijani. Hapo mgeni ana haki ya kuwa mbishi kidogo. Jiko linatumia nini? Kama nyama choma ya Jumamosi inaivishwa kwa mkaa wa msitu uleule unaoonekana kwenye picha ya tangazo, basi paa la makuti ni pambo tu. Maji ya choo yanaishia wapi, kwenye shimo lililojengwa vizuri au kijitoni? Na muziki? Komba anaanza kazi usiku, saa zilezile ambazo DJ anaongeza sauti. Serikali iliweka tarehe ya 31 Januari 2024 kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa, na shule za bweni zilihangaika kubadilisha majiko yao. Kambi ya wikiendi yenye wageni thelathini kutoka Masaki haishindwi kununua mtungi wa gesi.

Kuhusu kuogelea penyewe, wazee wa Ruvu wangekuambia bila kupepesa macho: mto ule una mamba na viboko. Wavuvi na wanawake wanaochota maji ukingoni wanajua sehemu za kukanyaga na saa za kukaa mbali, na hawazipati kwenye ramani ya simu. Mabwawa yaliyotuama nayo yana konokono wa kichocho, ugonjwa ambao hauonekani siku hiyo wala wiki hiyo, unakuja kujionyesha kwenye mkojo wenye damu. Halafu kuna yale mashimo yaliyoachwa na wachimba mchanga na kokoto, yanayojaa maji ya masika na kuonekana kama bwawa la hoteli. Kingo zake zinamomonyoka, na chini yana kina kisichotabirika. Kama mwenyeji hachezi kwenye maji hayo na jua lote lile, kuna sababu. Mahandakini kwa popo napo usiingie bila mwongozaji wa hifadhi, na usiguse vinyesi.

Kwa anayetaka maporomoko hasa, njia ni ileile ya zamani: Uluguru. Huko ndiko kuna Hululu, upande wa Bunduki na Mgeta, maji yanashuka kwenye mwamba mpaka unaona ukungu wake kabla hujayafikia. Kuna Choma juu ya mji wa Morogoro, na vijito vingine ambavyo vina majina kwa Waluguru tu. Na tangu katikati ya 2024 treni ya umeme inatoka Dar, inasimama Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere, halafu Morogoro. Vituo vingi ni vilevile vya Mjerumani wa 1907. Nauli ya kawaida ilipoanza ilikuwa 13,000 mpaka Morogoro, na muda hauzidi sana saa moja na nusu. Mtu wa Kibaha anaweza kupandia Soga, kama treni yake inasimama hapo, akanywa chai ya mchana mlimani.

Huko juu kijiji kitakuomba ulipe ada ndogo na uchukue kijana wa kukuongoza. Vijana wengi wa mjini hulalamika hapo, eti maji ni ya Mungu, kwa nini walipe? Wale waliokwenda kwa Kolelo hawakuuliza hivyo. Walijua pango lina wenyewe, walifika na cha kutoa mkononi, na walikaa mpaka walipoitwa. Baadhi ya sehemu za maji Uluguru bado zina heshima hiyo. Mwongozaji akikwambia usipige kelele hapa au usivue nguo pale, hakufanyii maigizo.

Na ukirudi jioni, kaa upande wa dirisha. Kabla ya Soga treni inavuka Ruvu, na msimu wa mvua maji yake yana rangi ya chai ya maziwa kwa udongo uliotoka Uluguru kulikokuwa miguu yako asubuhi. Mbele kidogo chini ya mto ni Mlandizi. Hapo yanachotwa, yanachujwa, yanasukumwa kwenye bomba kuelekea Kibaha, Kibamba, Kimara na Ubungo, na kwa miaka michache sasa, Kisarawe pia.